Mwali Asiyetolewa

Machi 6

Macho: mekundu, jicho la mkono wa kulia zaidi. Mshono wa ukope umekauka. Ngozi: madoa yale yale, mdomo umepasuka kidogo. Nje: hakutoka. Jua: kali, lile la kuelekea masika, linalouma hata kivulini.

Hayo ndiyo aliyoniagiza Daktari Laurean. "Mama Zuwena, kila siku andika macho yakoje, ngozi ikoje, na mtoto amekaa nje muda gani." Alidhani nitaandika mistari miwili nifunge daftari. Hanijui. Mimi nikiwa na wasiwasi mikono haitulii, labda ndiyo sababu nikawa fundi cherehani. Sasa tuko kwenye mfungo, nguo za Idi za watu zimejaa mpaka chini ya kitanda, na bado mkono unataka kalamu.

Basi niandike yote. Zuwena ndiye mtoto wetu wa pekee, ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la saba hapa Visiga. Alipoanza kutambaa uani ndipo yalipoanza madoa, meusi na meupe, usoni na mikononi. Watu walisema ukurutu, wengine wakasema jicho la husuda. Jua likiwaka anafumba macho na kulia. Mwezi uliopita akaota uvimbe kwenye ukope, tukapelekwa hospitali mjini, wakaukata. Hapo ndipo daktari akaniambia mtoto huyu kazaliwa na ugonjwa. Mwili wake hauwezi kutengeneza kile jua linachoharibu. Dawa ya kumponya haipo. Kilichopo ni kumkinga: mikono mirefu, kofia, miwani myeusi, yale mafuta wanayopewa watu wenye ualbino, na kukaa ndani mchana.

Nikamuuliza, "Mpaka lini?"

"Maisha yake yote, mama. Akijikinga anaweza kuishi miaka mingi. Asipojikinga, uvimbe kama huu utarudi na kurudi, na siku moja hatutauwahi."

Zuwena alikuwa kwenye benchi nje, hakusikia. Jioni mume wangu Ally akauliza daktari kasemaje. Nikasema, "Kasema akae ndani kwanza." Zuwena akadakia, "Mpaka nipone?" Nikasema, "Ehe."

Hilo "kwanza" daktari hakulisema. Nimelitia mimi.

Machi 7

Macho: nafuu. Jua kali. Nimeharibu kola mbili.

Machi 9

Macho: nafuu. Nje: kwenda choo tu, kwa kofia.

Kichwa changu hakiachi kurudia maneno ya daktari. Alichukua kalamu akanichorea. Anasema kila seli ya mwili, na seli ni ndogo hazionekani, ina uzi mrefu mno uliokunjwakunjwa, ndio DNA. Uzi wenyewe ni pacha: nyuzi mbili zinaangaliana, na kila upande ni kielelezo cha mwenzake. Humo ndimo yalimoandikwa maagizo yote, ngozi iweje, seli ijigawe lini, iache lini. Jua likipiga ngozi, mionzi yake inagandisha herufi mbili za jirani, uzi unapinda pale.

"Hata mimi?" nikauliza.

"Hata wewe, hata mimi. Tukitembea kutoka hapa mpaka kituoni tumeshaharibika mara nyingi mno. Lakini tunajitengeneza."

Ndani ya seli kuna mafundi. Mmoja anapita akikagua uzi. Akikuta pamepinda, anaita wenzake. Hao wanaufungua uzi pale, wanakata kipande kibovu upande huu na upande ule, wanakitupa. Kisha wanajaza kipya kwa kufuata uzi wa pili, ule usioharibika. Wa mwisho anaunga. Hiyo kazi inafanyika mwilini mwangu sasa hivi nikiwa nimekaa na Singer yangu, na mimi sina habari.

Kwa Zuwena, fundi mmoja katika hao ni mbovu. Akishindwa yeye, wote wamekwama, kwa sababu kazi ni ya kupokezana. Uzi unabaki umepinda. Seli nyingine zinakufa, ndiyo ngozi inazeeka mtoto akiwa mtoto. Nyingine hazifi, zinanakili uzi pamoja na kosa lake. Kosa likiangukia pale palipoandikwa "acha kujigawa", seli haiachi tena. Hiyo ndiyo saratani.

Nikamwambia daktari nimeelewa, ni kama kitambaa kilichotoboka na hakuna wa kutia kiraka. Akasema ndivyo. Nilijisikia vizuri kwa dakika moja hivi, kwamba nimeelewa. Halafu nikakumbuka kitambaa chenyewe ni nani.

Machi 12

Macho: mekundu sana. Nje: saa mbili nzima, na ruhusa nimetoa mimi.

Mawingu yalitanda tangu asubuhi, jua halikuonekana kabisa. Nikasema leo salama, nikamwachia akae barazani na wenzake wanasukana. Jioni uso umemwiva. Nimempigia daktari nikiwa nalia. "Mama, mawingu hayazuii. Sehemu kubwa ya mionzi inapita. Hata kioo cha dirisha hakitoshi."

Na mimi niliyekuwa naingoja masika kwa hamu! Nimetundika blanketi mbili madirishani. Chumba kimekuwa tanuri. Ally karudi kutoka kiwandani, kauliza kama tunahama.

Machi 15

Macho: bado. Manyunyu.

Shangazi Mwanahalima kapiga simu kutoka Marui. Huyu ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyemzaa Ally. Ndiyo, nimeolewa na binamu yangu. Binamu nyama ya hamu, walitutania mpaka tukachoka. Kwa hiyo mama mkwe wangu ni shangazi yangu, na shangazi yangu ana sauti mbili, na zote hutoka kwa pamoja.

"Nasikia mnamfungia mtoto."

"Shikamoo shangazi. Ni jua, linamdhuru."

"Marahaba. Jua! Mtoto mweusi vile jua litamfanya nini? Sisi tumelima mihogo na jua utosini, nani kafa? Anakosa hewa huyo, anakosa jua la asubuhi. Mlete kwangu."

Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu.

Machi 17

Macho: nafuu. Mteja kanirudishia dera, kasema mikono mirefu mno. Siku hizi nashona kila kitu mikono mirefu.

Machi 19

Macho: nafuu. Mvua ya kwanza ya maana.

Zuwena amevunja ungo. Kaniambia wakati wa daku, sauti ndogo, "Mama, mimi leo sifungi." Nikamkumbatia nikalia, akashangaa ninalilia nini.

Wakati nampasha maji moto ndipo wazo likanijia, na tangu hapo sijatulia. Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Zamani walikaa miezi, wengine mwaka, siku hizi wiki chache kwa sababu ya shule. Mwali haonwi na jua! Akitoka kwenda chooni anafunikwa kanga gubigubi. Nyumba ya shangazi ni ya udongo, kuta nene, vidirisha vya kiganja. Kuna giza la heri mle. Na shule inakaribia likizo ya Aprili.

Sitakuwa na haja ya kumweleza shangazi seli wala uzi. Nitamwambia neno moja analolijua, na atamkinga mwanangu kuliko nitakavyomkinga mimi.

Machi 20

Nimempigia. "Shangazi, Zuwena kakua." Kapiga vigelegele simu ikakoroma. Hakuuliza kitu kingine chochote.

Machi 22

Macho: meupe, mara ya kwanza mwezi huu. Mvua.

Shangazi kaja mwenyewe na mfungo wake, kanga imelowa mpaka magotini. Kakaa kitandani na Zuwena wakinong'ona na kucheka. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, nikawaonea wivu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Badala yake kaniambia, "Umefanya vizuri, mwanangu. Nilidhani umeshakuwa mtu wa Morogoro Road, umesahau mila."

"Ila shangazi, jua lisimguse kabisa. Hata la asubuhi."

"Wewe! Unanifundisha mimi kuweka mwali?"

Nilicheka. Mwaka mzima sijacheka na yule mama.

Machi 24

Macho: sawa. Tumeondoka kabla ya alfajiri, kwa bodaboda ya Mwinjuma mpaka Mlandizi, kisha gari la Noah mpaka Maneromango, kisha bodaboda tena. Kulipokucha mtoto alikuwa ameshaingia chumbani kwa bibi yake. Kungwi ni Bi Kidawa, mama mfupi mwenye macho ya kukagua. Kamwekea masharti: asiinue uso, asicheke na watu, asiseme. Mwali hasemi mpaka atolewe.

Zuwena kanikonyeza chini ya kanga.

Machi 31

Idi. Nimekwenda Marui na pilau kwenye hotpoti, nimefika na matope mpaka mapajani. Macho yake meupe kabisa. Mdomo umepona. Hata madoa naona kama yametulia, ingawa daktari alisema yaliyopo hayafutiki. Hapepesi macho, hakuna kulia. Nimemwangalia muda mrefu kwenye mwanga wa kibatari, nikasema huyu ndiye mwanangu, angekuwa hivi siku zote.

Bi Kidawa akatoka kidogo, Zuwena akaninong'oneza haraka, "Mama, nahisi napona. Nikitoka nitakuwa nimepona."

Nikamwekea kidole mdomoni. "Mwali hasemi."

Nimerudi Visiga. Nimeshona mpaka sindano imekatika.

Aprili 5

Mvua.

Aprili 8

Mvua. Sina macho ya kuandika, mtoto hayupo. Simu ya shangazi haipatikani, jua halipo la kuchaji sola. Nimetembea mpaka barabarani nikarudi, mara tatu, bila kununua kitu.

Aprili 14

Nimekwenda hospitali kwa majibu. Ule uvimbe wa ukope ulikuwa saratani. Daktari kasema wameutoa wote, pembezoni pamekutwa safi. Miaka kumi na mitatu! Mimi nina mama wadogo wana miaka sabini na ngozi zao zinang'aa.

Halafu kanichorea tena. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya yule fundi, moja ya baba, moja ya mama. Ukiwa na nzima moja inatosha, hutajua maishani kwamba ya pili ni mbovu. Mimi ninayo mbovu moja. Ally anayo mbovu moja. Ile ile. Ilitoka kwa babu au bibi yetu mmoja, ikapita kwa baba yangu ikaja kwangu, ikapita kwa shangazi ikaenda kwa Ally. Tungeoana na watu baki, huenda mbovu zetu zisingekutana kamwe. Zuwena kapata zote mbili.

"Si kosa la mtu," kasema Daktari Laurean. "Kila mmoja wetu kabeba mbovu za aina yake, hatujui tu." Kisha akauliza, "Na mwenyewe anaelewa? Umri wake aanze kuelewa."

Nikasema anaelewa.

Aprili 15

Nimemwambia Ally habari ya nakala. Kaendelea kula. Nikadhani hakusikia.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni sisi."

"Ni mama, basi. Yeye ndiye aliyetaka tuoane. Kaa kimya, Maulida. Akijua limepita tumboni kwake atakufa kwa aibu."

"Na mtoto je?"

"Mtoto anaendelea vizuri, si umesema mwenyewe? Atatoka lini?"

Hapo ningesema. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Tutaona," nikaondoa sahani. Sijui naogopa nini. Pengine nadhani nikilitamka ndipo litakuwa kweli.

Aprili 18

Mvua. Mto wa huko mbele ya Mzenga umefurika, Noah haziendi. Daktari kapiga simu kuuliza macho. Nikamwambia sawa. Najuaje?

Aprili 22

Ally karudi kutoka kazini akiwa na furaha, na furaha ya Ally huonekana kwa kuvua viatu mlangoni badala ya kitandani. "Mama kaazima simu ya mpita njia kanipigia. Jumamosi, sikukuu ya Muungano, mwali anatolewa. Ndugu wa Dar wote wana mapumziko. Kaniuliza, nikasema sawa."

"Anatolewaje?"

"Anatolewaje? Kwa ngoma. Anabebwa mabegani, anazungushwa kijiji, saa nne asubuhi. Hukuchezwa wewe?"

Nilichezwa. Nakumbuka lile jua baada ya giza, lilivyonipiga machoni, na jinsi nilivyolipenda.

Nikakaa sakafuni. Nikamwambia Ally kila kitu, lile "kwanza" na lile "mpaka nipone", na ya kwamba daktari hakuwahi kusema hivyo. Nilisema kwa haraka nisije nikaacha katikati.

"Maisha yake yote?"

"Yote."

Hakunipiga kelele. Nilitamani anipigie. Aliegemea ukuta, akasema polepole, "Sisi wote tulikuwa tunahesabu anatoka lini. Wewe peke yako ulijua."

Tumepiga simu ya shangazi mpaka usingizi ukatuchukua. Haipatikani.

Aprili 23

Mvua. Haipatikani. Mwinjuma kasema njia ya Mzenga bado maji.

Aprili 24

Mvua. Haipatikani. Nimekata kitambaa cha mtu vibaya.

Aprili 25

Mvua imekatika saa tisa alasiri. Mwinjuma kasema alfajiri anaweza kujaribu. Ally kaomba ruhusa kazini, kanyimwa, anakwenda hivyo hivyo. Miaka kumi na tano nimemwona mtu mpole asiyejali. Leo kakaa anapaka grisi mabuti, akimaliza anaanza upya.

Aprili 26, Marui

Niandike yote leo leo.

Tuliondoka gizani, tumepakiana mshikaki, mimi katikati. Mtoni maji yalikuwa ya magoti. Ally na Mwinjuma waliinua pikipiki, mimi nilibeba viatu vya wote. Kulipokucha nikaangalia juu: mbingu imetakata. Wiki tatu za mvua, na leo hakuna hata wingu la dawa. Nilimwomba Mungu mvua, nikawa kama mwendawazimu, nani anaomba hivyo na mbaazi za watu zinaoza shambani.

Ngoma tuliisikia kabla hatujaiona nyumba. Uani wamejaa, kanga za sare, ndugu wa Dar na simu zao juu. Mama mmoja akaniona akapaza sauti, "Hata jua limekuja kumtazama mwali!" Wakapiga vigelegele. Ally alisimama penye pipa lao la maji ya mvua, hawezi kusogea zaidi, ni mambo ya wanawake. Kaniambia, "Nenda. Sema."

Niliwapita kwa viwiko. Zuwena alikuwa ndani, kwenye mkeka karibu na mlango, kanyolewa kichwa, kapakwa mafuta ya nazi anameremeta, shanga kiunoni na kifuani, mabega wazi. Uso chini. Mama mmoja mwenye mwili alikuwa ameshachuchumaa mbele yake, mabega tayari kumbeba. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umefika kwenye ncha ya mkeka. Nikasimama mlangoni, nikashika miimo miwili, kivuli changu kikamfunika.

"Maulida, ondoka mlangoni," akasema shangazi. "Mwali anatoka."

"Shikamoo shangazi. Hatoki."

"Marahaba. Ondoka."

"Jua litamuua."

"Kakaa mwezi mzima. Si wewe uliyeniambia awekwe ndani? Si mwenyewe umeona alivyonawiri?" Akanisogelea, akashusha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Sikiliza, mwanangu. Kila anayewekwa ndani hutolewa. Anayewekwa ndani asitolewe ni mfungwa au ni maiti. Mjukuu wangu ni yupi?"

Nikausema ukweli kwa sauti ya kusikika uani. Kwamba ule uvimbe ulikuwa saratani. Kwamba jua linaharibu miili yetu sote kila siku, na miili yetu inajitengeneza bila sisi kujua, lakini wa Zuwena hauwezi, kazaliwa hivyo, kila jua linalompata linabaki ndani yake na kuongezeka. Kwamba kunawiri kwake ni kwa sababu ya giza, na akitoka kunaisha. "Hatolewi juani leo, shangazi. Wala mwakani. Wala akiolewa, wala akizeeka. Ugonjwa huu hauponi."

Ngoma ikanyamaza. Nikasikia mtoto wa mtu analia uani.

Kisha sauti nyuma yangu, chini, mkekani.

"Mama. Uliniambia mpaka nipone."

Bi Kidawa akampiga paja. "Mwali hasemi!"

"Kwa hiyo nilikuwa nangoja nini?"

Nikageuka. Alikuwa ameinua uso, machozi yamepita kwenye mafuta. Nililia tu mbele ya watu wote, nikiwa nimeshika miimo ya mlango.

"Mwali, uso chini," akasema Bi Kidawa, safari hii kwa upole.

"Hapana, Bi Kidawa. Nitasema." Akajifuta kwa kiganja. Hakuniangalia mimi, alimwangalia bibi yake. "Bibi, mimi sitoki. Nimesikia. Lakini nimekaa, nimefundwa, nimenyamaza mwezi mzima. Ngoma yangu naitaka. Ingieni nyinyi."

Shangazi akaangalia uani, kwenye jua, na maandalizi yake yote ya sherehe, masufuria, mikeka, watu. Akaniuliza bila kugeuka, "Umeyajua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Ukaniacha niite watu."

"Ndiyo, shangazi."

Akavua kanga ya mabegani, akaitundika kwenye kidirisha, akaichomeka kotekote. Kisha akawaambia wapigaji, "Ingizeni."

Wengine waliondoka. Mmoja wa Dar akasema hajawahi kuona ngoma ya gizani, ni nuksi, akachukua mkoba wake. Ngoma kubwa iligoma mlangoni, ikabidi iinamishwe. Waliobaki walijibana ndani mpaka jasho likatuchuruzika. Mlango ukafungwa, kibatari kikawashwa. Yule mama mwenye mwili akambeba Zuwena mabegani. Boriti ziko chini, mtoto alikuwa ameinama mpaka kidevu kiko juu ya kichwa cha mbebaji. Hapakuwa na mahali pa kuzunguka, wakazunguka papo hapo, wakikanyagana, na Bi Kidawa akiimba kwa sauti iliyopasuka. Nilimtazama mwanangu. Alikuwa anacheka huku analia, nami nilijua kicheko ni cha ngoma na kilio nimekileta mimi.

Watu walipokwisha kuondoka, shangazi alinikuta naosha masufuria jikoni. "Limetoka wapi?" Sikumficha tena. Nilimwambia ya nakala, ya baba yangu na yeye, ya babu au bibi. Alichukua sufuria nililokwisha kuliosha, akaanza kulisugua upya.

"Mimi ndiye niliyeshikilia muoane."

"Hukujua, shangazi."

"Hukujua wewe pia," akasema. "Lakini baadaye ulijua." Akaendelea kusugua.

Aprili 27

Macho: mekundu, nadhani ni kulia. Ngozi: sawa. Zuwena anasema na bibi yake, anasema na baba yake, kasema hata na Mwinjuma. Mimi hanisemeshi.

Aprili 30

Visiga. Macho sawa. Ally kapaka madirisha rangi nyeusi, kaanza kuzungumza na mwalimu mkuu juu ya darasa lenye pazia. Kaenda yeye, sikumtuma. Zuwena bado.

Mei 3

Macho sawa. Mvua. Kaniomba chumvi. "Naomba chumvi." Basi.

Mei 9

Macho: meupe. Mdomo: wa chini umeota kipele, ni kigumu.

Tumetoka hospitali jioni. Daktari alitazama kile kipele kwa kioo chake, akanivuta pembeni mlangoni kama kawaida yake, akaniambia. Nyumbani nikasubiri Zuwena aingie chumbani kwake. Nikamsogelea Ally, nikaanza kumnong'oneza. Sikuwa hata nimefika nusu.

Pazia likasogea. Alikuwa amesimama pale na kichwa chake chenye nywele zinazoanza kuota, mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Marui aliniangalia usoni.

"Sema kwa sauti, mama. Ngozi ni yangu."

Ally akainama. Nilitafuta neno la kutia katikati, la kulainisha, na nilikuwa nalo, mimi sikosi. Nikaliacha.

Nikasema kwa sauti: kipele cha mdomoni kinaweza kuwa saratani nyingine, watakikata mwezi wa sita, na baada yake huenda kikaja kingine.

"Sawa," akasema Zuwena. Akavuta kigoda, akakaa kati yetu. "Tarehe ngapi?"